Mabomba Mawili Niliyoyabakiza

Vijana wangu, mwanangu Neema ameniambia niwaandikie kurasa chache ninyi mnaoanza kazi ya visima. Amesema niandike kama ninavyoongea, nisijifanye mhandisi. Hilo halina shida, maana uhandisi sikuusomea. Nilikuwa fundi wa pampu za mkono kwa miaka thelathini na sita, Bahi, Chemba, Kondoa, Mpwapwa, popote palipochimbwa kisima, na shule yangu kubwa ilikuwa mzee mmoja mfupi aliyeitwa Ndahani.

Siku yangu ya kwanza kazini Mzee Ndahani alinipeleka kwenye pampu ya shule moja ya msingi, akanionyesha mpini.

"Pampu," akasema.

"Mpaka lini, mzee?"

"Mpaka uisikie inaongea."

Akaenda kukaa kivulini. Nilipampu, wanafunzi wakajaza ndoo zote za shule. Nikapampu, wakajaza pipa la mwalimu mkuu. Ndoo zilipokwisha wakaanza kumwagilia miti ambayo haikuwa imemwagiliwa tangu ipandwe. Alasiri mzee akaja, akaniuliza pampu imesema nini.

"Imesema mikono inauma," nikamjibu.

Alicheka mpaka kofia ikamtoka. Halafu akashika mpini mwenyewe, akanifundisha kusikiliza. Na mimi nawaambia ninyi kama alivyoniambia. Ukipampu asubuhi mara kumi na tano, ishirini, kabla maji hayajatoka, valvu ya chini inavuja. Usiku kucha maji yamekuwa yakirudi shimoni. Mpini ukiwa mwepesi ghafla, kama unapampu hewa, fito ya ndani, kile chuma kinachovutwa na mpini, imekatika. Ukisikia mkwaruzo kila unaposhusha mkono, bomba limepinda mahali. Na maji yakipungua kidogo kidogo kwa miezi, usikimbilie kusema kisima kimekauka. Anza na washa za mpira, zile pete zinazozuia maji yasivuje ndani ya pampu. Ni kitu kidogo, unakishika kwa vidole viwili, lakini nimeona kijiji kizima kikihama malisho kwa ajili ya washa iliyolika.

Najua siku hizi mna vifaa. Neema anafungua simu yake akiwa sebuleni kwangu hapa Makutupora na anaona pampu ya sola iliyoko kilomita sabini inatoa lita ngapi. Sisi tulipima kina cha maji kwa kamba yenye jiwe, tunasikiliza jiwe likigusa maji, tunatia fundo, tunapima kamba kwa pima za mikono. Mikono ya Mzee Ndahani ilikuwa mifupi, kwa hiyo visima vyake vyote kwenye daftari vilikuwa virefu kuliko vya mafundi wengine. Ilituchukua miaka miwili kugundua.

Mzee huyo alikuwa na sheria moja ambayo hakuruhusu mtu aichezee. Kila spana, kila koleo, lazima iwe na kamba, na kamba hiyo uifunge kwenye kifundo cha mkono kabla hujaufungua mdomo wa kisima. Aliiita mkia. "Spana bila mkia isikaribie shimo," alikuwa akisema. Mafundi wa ofisi nyingine walitucheka. Walisema tunafanya kazi kama watu waliofunga mbuzi mkononi. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimevaa suruali mpya ya kazi, na sikupenda kuchekwa. Mkia wa spana yangu nikaukata.

Sasa nawasimulia kilichotokea.

Tulikwenda kijiji kimoja nyuma ya Bahi, kule kunakotelemkia mbugani. Kulikuwa na kisima kimoja tu chenye pampu. Mabomba yake yalikuwa yameliwa na kutu, na kazi yetu ilikuwa kuyatoa yote na kuteremsha mapya. Ilikuwa mwezi wa nne, mvua zinaelekea ukingoni, maji yako juu. Tulimaliza kuyatoa, Mzee Ndahani akaitwa ofisi ya kijiji kutia saini karatasi. Akaniachia kazi ya kuanza kuteremsha mabomba mapya, pamoja na vijana wawili wa kijiji wenye nguvu. Mwangalizi wa pampu, mama mmoja aliyeitwa Mama Debora, alikuwa pale ameegemea ukuta wa kisima, anamnywesha ndama.

Niliwatuma wale vijana wakalete bomba la kwanza. Nikainama niweke kibano kwenye mdomo wa kisima. Spana ikaniponyoka.

Sauti ile bado naijua. Iligonga ukuta wa shimo upande huu, ikagonga upande ule, ikaendelea kugonga ikididimia, halafu ikanyamaza. Sikusikia chubwi. Nikajua imekwama mahali.

Mzee akirudi nitamwambia, nilisema moyoni. Vijana wakaja na bomba, tukaanza kuteremsha, na kila bomba lililoingia lilinipunguzia ujasiri. Tulipofika mabomba mawili kabla ya mwisho, yote yakasimama. Yamegusa. Niliwaambia wale vijana kwa sauti ya kitaalamu kwamba kina kimetosha. Nikafunga kichwa cha pampu, nikapampu, maji yakatoka safi, watu wakapiga vigelegele. Yale mabomba mawili yaliyobaki niliyalaza chini kabisa ya gari, nikayafunika kwa turubai. Mzee Ndahani aliporudi alionja maji, akanipiga bega, akasema, "Sasa umekuwa fundi."

Nilitabasamu. Hilo ndilo linaloniuma zaidi ya yote, kwamba nilitabasamu.

Mnaojua kazi hii mmeshaelewa. Pampu ilikuwa inaning'inia juu ya mahali pake kwa urefu wa mabomba mawili. Wakati wa mvua haidhuru, maji yako juu. Lakini kiangazi kikija, maji yanashuka, na pampu inabaki inanyonya hewa wakati maji yapo hapo hapo chini yake. Ikawa hivyo hasa. Mwezi wa tisa ikaja barua: kisima kimekauka. Ofisi yetu ilikuwa na gari moja na vijiji vingi, ikachukua muda. Mwisho wakubwa wakaamua kisima kile kifutwe kwenye orodha. Mzee Ndahani akapewa kazi ya kuandika taarifa ya kukifunga.

Asubuhi aliyokaa kuiandika nilikuwa nafagia karakana. Nilimwona anaandika mstari, anaukata. Anaandika, anakata. "Hakiwezi kukauka hiki," alikuwa akijisemea. "Nilikipima mwenyewe." Nikaweka ufagio chini.

"Mzee, nina neno."

"Sema."

"Spana iliniangukia kule. Iko ndani. Pampu haikufika chini."

Aliweka kalamu. Nilisubiri matusi. Nilisubiri anifukuze kazi. Akaniuliza kitu kimoja:

"Ulibakiza mabomba mangapi?"

"Mawili."

"Mawili!" Akasimama, kiti kikaanguka nyuma yake. Nitaapa mbele ya yeyote kwamba uso wa mzee yule ulikuwa wa furaha. "Basi maji yapo! Washa gari!"

Tulichukua siku nne kuitoa spana ile. Kwanza tulifunga sumaku kubwa kwenye kamba, sumaku ya spika ya kanisa iliyokuwa imeungua. Ikaleta misumari. Tukaishusha tena, ikaleta kijiko cha chai. Mpaka leo hakuna anayejua kijiko kile kilipita wapi. Siku ya tatu Mzee Ndahani akapinda nondo nyembamba nne, akazifunga pamoja zikawa kama makucha ya kunguru, akaziteremsha polepole, akawa anasikiliza kwa vidole. Siku ya nne, karibu na adhuhuri, makucha yakashika. Spana ikatoka imevaa tope, tukayateremsha mabomba yote, mpaka lile la mwisho likazama.

Taarifa aliyoipeleka Mzee Ndahani ofisini ilisema kosa lilikuwa la ukaguzi wake. Jina langu halikuwemo. Adhabu yangu ilikuwa kusuka mikia mipya ya spana zote za karakana, na kuna wiki mbili sikuonekana bila kamba mapajani kama mama anayesuka ukili.

Hii ndiyo hadithi ambayo nimeisimulia maisha yangu yote. Nimeisimulia kwenye harusi, kwenye misiba baada ya mazishi watu wanapotafuta kucheka kidogo, kwenye sherehe yangu ya kustaafu. Sehemu ya kijiko watu wanacheka. Na kuna sehemu nyingine nilikuwa naitia chumvi: kwamba zile siku nne, kila mchana, Mzee Ndahani alikuwa anachukua gari, anasema anakwenda kutafuta grisi, anarudi baada ya saa tatu akiwa amelowa jasho. Nilikuwa nasema mzee alikuwa na kilabu chake huko Bahi. Hapo pia watu walicheka.

Mwaka huu, zabibu zangu zikiwa zimeshapogolewa na sina kazi nyingi, Neema akaja na simu yake. Yeye ni mtu wa maji kama ninyi, tena amesoma. Akaiweka simu mezani inirekodi, nikasimulia kila kitu, na kijiko, na kilabu. Nilipomaliza hakucheka. Akauliza:

"Baba, tangu kisima kikauke mpaka mkatoe ile spana, ilikuwa muda gani?"

"Kama wiki nane."

"Hao akina mama walikuwa wanachota maji wapi?"

Nikamwambia, "Watakuwa walipata mahali." Neema akanitazama, akaizima simu, akasema tutaendelea siku nyingine.

Wanangu, nilikaa na swali hilo siku tatu. Nilikuwa na hadithi yenye watu wawili na shimo. Kwa miaka zaidi ya arobaini nilikuwa nimeigeuza hadithi hiyo huku na huku, nimeilainisha kama mpini wa jembe la zamani, na sikuwahi hata mara moja kuona kwamba ndani yake kulikuwa na kijiji. Nilidhani nikishastaafu nitakuwa na hekima kwa sababu ya miaka tu. Kumbe miaka ilikuwa imenipa ufasaha. Siku ya nne nikapanda basi mpaka Bahi, nikachukua bodaboda.

Kijiji kimebadilika. Kuna tangi la sola na vioski vya maji, lakini pampu yetu ya mkono bado iko mahali pake, inasaidia siku za mawingu na siku ambazo sola imegoma. Niliuliza nyumba ya Mama Debora, wakanionyesha. Alikuwa amekaa kwenye mkeka anapeta mchele, macho yake bado makali.

"Mbukwenyi," nikamsalimu kwa Kigogo, kisha, "Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akanitazama muda mrefu. "Wewe si Fito?"

"Fito?"

"Yule fundi mwembamba. Tulikuwa tunakuita Fito." Akacheka, akanisogezea kigoda. Mtu aliyekuwa Fito sasa ana tumbo, akaketi kwa tahadhari.

Baada ya chai nikamwambia kilichonileta. "Mama, nimekuja kuomba msamaha. Kisima kile hakikukauka. Mimi niliangusha spana, nikaficha."

"Aa, hiyo," akasema, anaendelea kupeta. "Niliisikia ikianguka. Nilikuwa nimeegemea pale pale."

"Uliisikia? Mbona hukusema?"

"Ningemwambia nani? Wewe ndiye ulikuwa fundi. Nikasema labda ndivyo mnavyofanya."

Nikamuuliza swali la Neema. Akaweka ungo chini.

Walichota korongoni, akasema, kwenye mchanga. Wanachimba shimo la kiuno, halafu la kifua, mtu anashuka ndani na kata, anasubiri maji yajikusanye, anachota kidogo kidogo. Ng'ombe nao wanataka. Foleni inaanza alfajiri. Mchanga una tabia ya kubomoka, kwa hiyo wanaoshuka ni wale wepesi.

"Mimi nilikuwa na mimba ya wa nne," alisema. "Sikuweza kushuka. Alishuka Debora."

"Debora alikuwa na miaka mingapi?"

"Darasa la sita."

"Na shule?"

"Wiki nane ni nyingi. Aliporudi wenzake walikuwa mbele, mwalimu akamwambia arudie darasa. Akaona haya. Hakurudi tena."

Kikombe kilikuwa mkononi mwangu, sikuweza kukinywa wala kukiweka chini. Yeye aliliona hilo, na nadhani ni kwa kunihurumia akabadilisha upande.

"Lakini yule mzee wenu mfupi, Mungu amrehemu. Zile siku nne mlipokuwa mnatengeneza, alikuwa anatuletea maji. Mchana anajaza mapipa Bahi, anayabeba kwa gari lenu, anayashusha hapa mwenyewe. Pipa la kwanza anapeleka shuleni, la pili kwa wenye mimba. Akatuambia tusimseme, gari si la kazi hiyo."

Nilimwomba arudie. Akarudia.

Mzee Ndahani alifariki miaka mingi iliyopita. Nilibeba jeneza lake. Na tangu hapo, harusi baada ya harusi, nilikuwa nikiwachekesha watu kwa kilabu chake. Nililia pale mkekani, mzee mzima, na sikujizuia. Lakini nitawaambia kitu ambacho sikukitarajia: ndani ya kilio kile kulikuwa na shukrani nyingi mno. Nilidhani nimeshapokea kila kitu mzee yule alichokuwa nacho cha kunipa, na kumbe alikuwa bado ananifundisha. Kosa langu alilibeba kwenye taarifa kwa kalamu, na kwa wanakijiji alilibeba kwa mapipa, na kote kuwili hakunidai hata neno.

Kwa hiyo nawaomba. Mkikosea, semeni siku hiyo hiyo, kabla bomba la kwanza halijaingia, maana kila bomba linafanya mdomo uwe mzito. Na hadithi zenu za kazi, zile mnazozipenda, zile zinazochekesha, zirudisheni kwa watu waliokuwepo wakiwa bado hai. Waulizeni wao waliiona vipi. Mimi nilichelewa kwa Mzee Ndahani. Kwa Mama Debora niliwahi, na namshukuru Mungu na namshukuru Neema, ambaye alithubutu kutocheka baba yake aliposimulia.

Siku ile nilikuwa najiandaa kumuaga Mama Debora, pale alipoingia mwanamke wa makamo anayesukuma baiskeli, sanduku la vifaa limefungwa nyuma, mikono ina grisi mpaka kwenye viwiko.

"Debora," mama yake akasema, "huyu ndiye Fito."

"Shikamoo, mzee."

Niliitikia, nikasimama. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri tangu kwenye basi, yote yakanikimbia. Nikamwambia tu: spana ilikuwa yangu, niliificha, na kwa sababu hiyo wewe ulishuka mchangani na shule ikakupita. Sina cha kukurudishia. Nisamehe.

Alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Nilikuwa napenda hesabu," akasema.

Kuku alipita katikati yetu.

"Siku mliyotoa ile spana nilikuwa nimesimama nyuma yenu," akaendelea. "Nilitazama kila mlichofanya. Mlivyofungua, mlivyofunga. Nikasema nikikua nitaifungua hii pampu mwenyewe, tusije tukawasubiri tena. Mama alipochoka kuiangalia nikaichukua mimi. Nina mwaka wa ishirini na mbili. Hatujawasubiri."

Nilitikisa kichwa.

"Nimekuja kuchukua washa mpya, pampu nimeiacha imefunguliwa," akasema. Akaingia ndani, akatoka na kifurushi, akasimama mlangoni akinipima kwa macho. "Msaidizi wangu ameenda kliniki na mtoto. Magoti yako yanakubali?"

"Kwenda chini yanakubali. Kurudi juu ndiyo shida."

Akacheka, mara ya kwanza. "Twende."

Pale kisimani alifanya kazi haraka na kwa usafi, na hakunieleza anachofanya kwa sababu alijua najua. Alipandisha bomba, akatia kibano, akanionyesha kwa kidevu.

"Shika hapo, mzee. Usiachie mpaka niseme."

Nikapiga magoti kwenye tope, nikalikumbatia bomba lile la baridi kwa mikono yote miwili, nikasubiri aseme.